Gari Lililolishwa Mayai

Jua lilipochomoza, mwoka mikate alikuwa bado na unga kwenye nyusi. Alikuwa ametoka tanurini, kwenye kazi ambayo watu huifanya wakati wenzao wamelala. Alikitamani kitanda kama mwenye kiu anavyoyatamani maji. Lakini siku ile ilikuwa Ijumaa, na kitanda hakikuwa na budi kungoja.

Baba yake alikuwa ameshavaa. Mzee aliketi kwenye kiti karibu na mlango, koti limefungwa vifungo vyote, fimbo iko mkononi. Figo zake zilikuwa zimechoka kufanya kazi. Kila Jumatatu na kila Ijumaa ilimlazimu kwenda hospitali, damu yake ikasafishwe kwa mashine. Daktari alisema wazi: kuikosa siku moja ni hatari, kukosa zaidi ni kuyaita mauti.

Hospitali ilikuwa mbali, ng'ambo ya mlima. Kila akitoka kwenye mashine, Mzee hakuwa na nguvu hata ya kusimama. Hakuweza kugombania nafasi katika basi. Gari la familia, kuukuu kama lilivyokuwa, ndilo lililokuwa miguu yake.

Sauti ya mke ikatoka jikoni. "Baba watoto! Mayai yamekwenda wapi?"

Mwoka mikate akajifanya anafunga kamba za viatu.

"Nauliza mayai. Jana yalikuwapo. Leo naona maganda matupu."

"Yameliwa."

"Na nani?"

"Na gari."

Mke akatokea mlangoni. Alikuwa fundi cherehani, na pini zilikuwa bado zimebanwa midomoni mwake. Akazitoa moja moja, ili aseme vizuri.

"Gari limekula mayai?"

"Nimeyatia kwenye rejeta. Maji yanavuja. Wenzangu kazini wamesema ute wa yai ukipata moto unashika. Unaziba tundu."

"Hivi kazini kwenu ni tanuri la mikate au gereji?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mwache, mkwe wangu. Mwoka mikate kila tatizo huliona kama keki."

Mwoka mikate naye akacheka, lakini cheko lake halikufika moyoni. Kwa wiki nyingi alikuwa akiona ardhi imelowa chini ya gari. Alikuwa akisikia mlio mwembamba mbele ya injini, kama mlango usiotiwa mafuta. Kila asubuhi aliongeza maji, akanyamaza. Hakutaka kumwambia mtu. Alikuwa amechoka mno hata kusikia jibu. Nao wahenga walikwisha kusema: mficha maradhi, kilio humuumbua.

Safari ya kwenda ilikuwa njema. "Umeona, baba?" alisema. "Yai limeshika."

Kilio kiliwaumbua wakati wa kurudi. Walikuwa wakipanda mlima. Mzee alilala kiti cha nyuma, uso umesawajika. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Ukapita katikati. Ukagusa alama nyekundu. Mvuke ukafumka mbele, mweupe, mzito, wenye harufu ya jikoni.

Mwoka mikate akasimamisha gari pembeni. Akazima injini, akafungua boneti, akachukua kitambaa. Mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kifuniko cha rejeta.

"Usifungue!" Mzee aliita kwa nguvu zake zote, nazo hazikuwa nyingi. "Maji yale yatakubabua uso. Acha lipoe!"

Mkono ukasita hewani. Mwoka mikate akarudi nyuma, akaketi juu ya jiwe. Alimpigia simu mkewe. Kisha hakuwa na la kufanya ila kungoja.

Jua liliwachoma. Magari yaliwapita. Mzee akasema taratibu:

"Mwanangu, Jumatatu usinilete."

"Usiseme hivyo, baba."

"Nasema nilionalo. Usiku uko motoni, mchana uko barabarani. Hulali. Macho yako yamekuwa ya mgonjwa kuliko yangu. Nimeishi vya kutosha. Niache nipumzike, nawe upumzike."

Jambo lililomtisha mwoka mikate ni kwamba, kwa kitambo kidogo sana, alitamani kukubali.

Gari jekundu lilisimama mbele yao. Aliteremka mwanamke mnene, amejifunga kilemba, kamba ya kuvutia gari iko begani. Alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Kazi yake ilikuwa kutengeneza magari ya zimamoto. Mtaa mzima ulimwita Bi Spana, kwa sababu hata mkoba wake wa harusini haukosi spana.

"Mkeo ameniambia habari za mayai," alisema. "Nikadhani anatania."

"Hakutania, Bi Spana."

"Basi shika kamba. Tufike nyumbani kwanza, tuchekane baadaye."

Siku ya pili, injini ikiwa baridi kabisa, Bi Spana alikuja kuitazama. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakiangalia juani.

"Ashukuriwe Mola. Oili ni safi. Ingekuwa nyeupe kama maziwa, maana yake maji yameingia ndani ya injini. Hapo kazi isingekuwa ya nyumbani."

Kisha alishika puli ya pampu ya maji, lile gurudumu dogo linalozungushwa na mkanda. Akaitikisa. Ikacheza kama jino bovu.

"Huyu ndiye mgonjwa wako," alisema. "Pampu ya maji. Maji ya kupoza injini hayaendi yenyewe. Pampu ndiyo inayoyasukuma. Yanatoka kwenye injini yakiwa moto, yanapoa kwenye rejeta, yanarudi. Beringi ya ndani, inayoifanya izunguke laini, imekwisha. Ule mlio ulikuwa kilio chake. Tazama hapa chini, pana kitundu kidogo. Kikianza kudondosha maji, pampu inakuambia imechoka."

"Kwa hiyo yai halikuziba?"

"Limeziba. Limeziba rejeta, mahali palipokuwa pazima! Pampu inayovuja haizibwi. Hubadilishwa."

"Nitampata wapi fundi kabla ya Jumatatu?"

"Wewe ndiye fundi. Mimi nitaketi hapa, nitasema. Mikono itakuwa yako."

"Bi Spana, mimi nimechoka."

"Najua. Lakini nikikufanyia mimi, mwakani utaniletea gari lililolishwa vitunguu." Kisha akapunguza sauti. "Injini yako ni nyepesi kwa kazi hii. Pampu iko nje, mbele, inaonekana. Kuna magari ambayo pampu imefichwa ndani, inazungushwa na mkanda wa taimingi, ule unaopangwa kwa alama ndani ya injini. Hayo usiyaguse nyumbani. Ukikosea alama moja, umeua injini nzima. Lakini hili utaliweza."

Wakaenda pamoja dukani kununua pampu inayofanana na ile ya zamani, na gasketi yake, ile karatasi ngumu ya kuziba katikati ya pampu na injini, na maji ya rangi ya rejeta, yale yanayozuia kutu.

Jumapili asubuhi, mwoka mikate alianza kwa jina la Mola. Alisukumia mawe nyuma ya magurudumu. Alitoa waya wa hasi wa betri. Aliweka beseni chini, akafungulia maji ya rejeta. Yalitoka machafu, na ndani yake mlielea vipande vyeupe.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. "Yale pale mayai yangu! Yameiva?"

"Yameiva, shoga," Bi Spana akamjibu. "Yamekosa chumvi tu. Lakini beseni hilo lifunikeni. Maji ya rejeta yana sumu, na utamu wake huwadanganya watoto na paka. Msiyamwage mtaroni. Nitayachukua kesho, kazini kwetu tuna pipa lake."

Mwoka mikate akanyoosha mkono ili alegeze mkanda.

"Ngoja! Nati za puli kwanza. Mkanda ukiwa umekaza, puli haizunguki. Ukiulegeza mapema, utakimbizana na nati kama mtu anayekimbiza kuku."

Alitii. Akalegeza nati za puli, kisha akatoa mkanda, feni na puli yenyewe. Akalegeza mpira wa maji unaoingia kwenye pampu. Bi Spana akamtupia kipande cha boksi.

"Chora pampu hapo. Kila bolti unayoitoa, ichomeke mahali pake kwenye mchoro. Bolti hizi hazilingani urefu. Ndefu ikiingia pa fupi, haitabana, na pengine itapasua chuma. Fupi ikiingia pa ndefu, haitashika."

Bolti ya mwisho ilikataa. Akavuta. Akavuta tena. Spana ikateleza, vidole vikagonga chuma, damu ikatoka. Akaitupa spana mchangani, akaketi chini, mgongo kwenye gurudumu, amefumba macho.

Mzee alikuwa akitazama kutoka dirishani. Mkewe akaja na maji na kitambaa, akamfunga kidole kama anavyofunga pindo la nguo, vizuri na kwa haraka.

"Unaweza kuacha," alimwambia.

"Naweza," mwoka mikate alijibu. Akakaa kidogo. Kisha akaokota spana, akaifuta.

"Tia mafuta kwenye bolti," alisema Bi Spana. "Yape muda yaingie. Chuma nacho hutaka kubembelezwa."

Bolti ikakubali. Pampu ya zamani ikatoka, nzito, imeliwa na kutu. Kwenye uso wa injini palibaki vipande vya gasketi ya zamani. Mwoka mikate alitia kitambaa kwenye tundu la maji ili uchafu usidondokee ndani, akaanza kukwangua kwa kisu butu, asije akachimba chuma.

"Kimebaki kidogo tu," alisema. "Gasketi mpya itakifunika."

"Mkate ukiwa mbichi katikati, ukiupaka siagi juu unaiva?" Bi Spana akauliza.

Mwoka mikate akakwangua tena, mpaka chuma kikang'aa na kidole kikipita hakikwami.

Rejeta waliisafisha kwa mpira wa bomba, maji yakiingizwa kwa chini na kutokea juu, kinyume na njia yake. Mayai yalitoka, yakatoka, mpaka maji yakawa safi. Kisha kitambaa kikatolewa tunduni, gasketi mpya ikawekwa, pampu mpya ikakaa mahali pake.

"Bolti zote zianze kwa vidole," alisema Bi Spana. "Sasa kaza hii kidogo, halafu ile inayoikabili. Kidogo kidogo, kwa msalaba, mpaka zote zishike sawa. Usioneshe ubabe. Anayekaza kupita kiasi hukata bolti, akaanza kulia."

Puli ikarudi, feni ikarudi, mpira wa maji ukabanwa, mkanda ukarudi. Bi Spana akaubonyeza kwa dole gumba. "Ubonyee kidogo tu. Ukilegea utateleza. Ukikaza mno, utaua beringi mpya."

Waya wa betri ukarudishwa. Wakajaza rejeta maji ya rangi. Injini ikiwa bado baridi na kifuniko kiko wazi, wakaiwasha. Mapovu yakapanda, yakapasuka. Maji yakashuka, wakaongeza. Mapovu yalipokwisha, wakafunga kifuniko, wakaiacha injini ipate moto. Mshale ukapanda mpaka katikati, ukatulia. Mwoka mikate akalala kifudifudi kutazama chini ya pampu. Hapakuwa na tone.

"Kesho asubuhi, kabla hujawasha, tazama tena maji," alisema Bi Spana. "Yakipungua, ongeza. Na siku nyingine ukiona ardhi imelowa, gonga ukuta. Aulizaye hapotei njia."

Mwoka mikate aliingia ndani akiwa na grisi mpaka viwikoni. Mzee alikuwa angali dirishani.

"Nilikwambia Jumatatu usinilete," alisema Mzee.

"Nimesikia, baba. Lakini sikutengeneza gari ili likae."

Mzee akamtazama kidole kilichofungwa.

Jumatatu, mwoka mikate alitoka kazini, akafungua boneti kabla hata hajanawa uso. Maji yalikuwa yamepungua kidogo. Akaongeza. Alipogeuka, Mzee alikuwa amesimama nyuma yake, koti limefungwa vifungo vyote.

Walipanda mlima bila kusimama. Wote wawili walikuwa wakiutazama mshale, nao ulikaa katikati kama uliopigiliwa msumari.

Hospitalini muuguzi alimpokea Mzee. Mwoka mikate akaketi kwenye benchi la ukumbini ili angoje. Hapakuwa na maji ya kwenda kutafuta, wala dumu la kujaza, wala boneti ya kufungua. Kichwa kikaegemea ukuta. Usingizi ukamchukua hapo hapo.

Alipozinduka, Mzee alikuwa kando yake katika kiti cha magurudumu, amechoka, uso umetulia.

"Umemaliza? Mbona hamkuniamsha?"

"Muuguzi alitaka. Nimemkataza."

Mwoka mikate akajaribu kuinuka. "Twende basi, baba."

Mzee akamshika mkono, akamrudisha kwenye benchi.

"Lala kidogo, mwanangu. Ijumaa utanileta tena."