Bunduki ya Tisa

Masasi, saa mbili na robo asubuhi. Simu ililia mara moja.

"Korosho zimekauka?" Mkuu aliuliza.

"Ziko juani."

"Anua leo."

Ikakatika. Maana yake: ingia.

Stamili alikanyaga mafuta. Land Cruiser ikaiacha milima ya mawe, ikashika barabara ya Newala. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu. Wiki sita zilizopita Joel, mpelelezi mwenzake, alipigwa risasi Lupaso akiufuatilia mzigo huu huu wa bunduki za magendo. Stamili alimkuta bado anapumua, kwa sauti ya majimaji, kabla hajakata roho. Risasi aliyotolewa kifuani ilikuwa ya milimita tisa nukta tatu, ya kuulia nyati.

Bunduki yenyewe haikupatikana.

Saa nne alikuwa ndani ya ghala moja la korosho Newala. Mezani zilikuwa zimepangwa bunduki kumi na mbili za uwindaji, aina ya Mauser. Mwenye mali, mzungu aitwaye Brandt, alidai anazipeleka makumbusho ng'ambo ya Ruvuma. Alihitaji saini ya mtaalamu kwamba zilitengenezwa kabla ya Vita vya Kwanza, ili forodhani zipite kama mali ya kale.

Stamili alijifanya ndiye mtaalamu huyo. Uongo wenyewe haukuwa mkubwa. Miaka minane alitunza ghala la silaha jeshini.

"Shikamoo, mama." Huyo alikuwa Mujibu, mpambe wa Brandt. Bastola ilituna chini ya shati lake.

"Marahaba."

"Zote za mwaka elfu moja mia tisa kumi na mbili," Brandt alisema. "Tazama muhuri."

Juu ya mtutu palikuwa na taji na herufi N, muhuri wa ukaguzi wa Wajerumani wa enzi hizo. Mbao nazo zilikuwa za kale kweli, nyeusi kwa jasho la mikono iliyokwisha kuoza.

Alifungua skrubu, akauinua mtutu. Chuma kikilala ndani ya mbao miaka mia moja, huacha alama ya umbo lake. Alama ilikuwepo, lakini ilikuwa ya mtutu mwingine. Na chini ya chuma, mahali tupa ilipopita kwa pupa, lilibaki bawa moja la tai.

Kwenye muhuri wa Wajerumani, tai alichukua nafasi ya taji mwanzoni mwa Vita vya Pili.

Mitutu mipya, imevishwa nguo za marehemu. Silaha za wapiganaji wa ng'ambo, si za makumbusho.

Aliendelea kukagua, uso mkavu, hadi bunduki ya tisa.

Ilinuka baruti.

Aliingiza kamera ya waya mtutuni. Masizi mabichi. Karibu na mdomo, kovu lililopinda kama ndoano. Kovu hilo alilijua. Lilikuwa limechoreka kwenye risasi iliyomuua Joel.

Mtu alipumua nyuma ya sikio lake. Pumzi nzito, yenye majimaji.

Aligeuka. Hapakuwa na mtu.

"Kuna tatizo?" Brandt aliuliza.

"Hii imefyatuliwa karibuni."

Mujibu alicheka. "Niliijaribu Lupaso, mama. Nililenga mti tu."

Mti.

Kitako cha bunduki kilitua kwenye taya la Mujibu kabla mkono wake haujafika kiunoni. Bastola ikahamia kwa Stamili, mdomo wake ukagusa paji la uso la Mujibu.

"Yassini, ingia!" aliita kwenye kipaza sauti kilichofichwa ndani ya ushungi.

Mlango ulivunjwa. Askari sita waliingia, Yassini mbele. Brandt alilazwa kifudifudi.

"Muhuri ni sahihi!" alifoka.

"Ulisahau kumaliza kumnyonyoa tai. Bawa moja limebaki."

Bastola ilikuwa bado kwenye paji la Mujibu. Pumzi ile ikarudi sikioni. Stamili aliisubiri imwambie afyatue.

Ikapotea.

Taratibu, aliondoa kidole kwenye triga.

"Mti ule uliitwa Joel," alimwambia Mujibu. "Una mama yake, kule Lukuledi."

Alimkabidhi Yassini bastola. "Ya tisa iandikwe peke yake. Kielelezo cha mauaji."

"Dada, Mkuu anataka ripoti sasa hivi."

"Lukuledi kwanza."

Alivaa miwani ya jua, akatoka bila kugeuka, kwa hatua za polepole. Maneno ya kumwambia Mama Joel alikuwa bado hajayapata.