Wimbo wa Kumi na Nane

Kava la CD lilisema nyimbo kumi na saba. Deki ilisema kumi na nane.

Anyelwisye alikuwa fundi redio na televisheni mjini Tukuyu, mtu wa miaka thelathini na sita, na kwa fundi namba zisizolingana ni kama panya darini: unaweza kujifanya humsikii, lakini hulali. Jumapili ile mchana alilichukua kava akalisogeza dirishani penye mwanga, akahesabu tena kwa kidole. Kumi na saba. Maandishi yalikuwa ya Kijapani, hakuijua hata herufi moja, ila tarakimu ni tarakimu. Akageuka kuangalia kioo cha deki. Kumi na nane.

"Walisahau kuandika," alisema kwa sauti, kama wasemavyo watu wanaoishi peke yao.

CD hiyo alipewa na Mansuri, muuza vyombo vya umeme vilivyotumika, ambaye humletea deki na redio mbovu azitengeneze. Mansuri aliikuta ndani ya boksi la deki iliyotoka nje, akaiona ina picha ya katuni tu, akasema, "Chukua wewe, fundi. Wateja wangu hii hawaijui." Kwenye kava kulikuwa na msichana mwenye taa anapanda mlima wa theluji. Anyelwisye alipoiona, akavuta stuli akakaa.

Alimjua msichana yule. Walipokuwa vijana, yeye na kaka yake Jackson walikuwa wakitoka shule moja kwa moja hadi kwenye banda la gemu karibu na stendi, na gemu lao lilikuwa hilo lenye muziki wa CD hii: msichana anamtafuta mama yake mlimani. Kulikuwa na mahali msichana anajibanza chini ya mwamba dhoruba ipite, na usipobonyeza kitu, muziki unaendelea kupiga, filimbi moja na kinanda, taratibu, kama mtu anayekubembeleza. Wenzao walikuwa na haraka ya kupigana na majoka. Wao wawili waliacha vidole, wakasikiliza. Mwenye banda alikuwa akiwafokea, "Nyie mnacheza au mnasali?"

Jackson alifariki miaka minane iliyopita kwa ugonjwa wa ini. Wazazi walikuwa wamemtangulia. Dada yao mkubwa, Atupele, ameolewa Igogwe. Anyelwisye alibaki Lufingo katika nyumba ya baba yao, nyumba ya matofali ya kuchoma juu ya mteremko wa migomba, mahali ambapo ukungu wa alasiri huingia hadi sebuleni bila kubisha hodi.

Muziki ule aliwahi kuutafuta kwenye simu, akaupata. Lakini wa kwenye simu haukuwa wake. Bando likiisha, filimbi inakatwa katikati ya pumzi. Likiwepo, tangazo la sabuni linaingia pale pale msichana anapofika chini ya mwamba. Halafu siku moja akafungua akakuta umeondolewa, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza kwa nini. CD ilikuwa kitu kingine kabisa. Ilikuwa na uzito wake mkononi. Ilikuwa na kijitabu chenye picha za wapigaji, mmoja wao mama wa makamo aliyeshika filimbi huku amefumba macho, na Anyelwisye alimtazama mama yule mpaka akawa kama shangazi yake. Nyimbo zilifuatana kama mtunzi alivyotaka, na kati ya wimbo na wimbo palikuwa na kimya kidogo cha kumezea mate. Hakuna aliyeweza kunyoosha mkono kutoka mbali akamnyang'anya. Kwa mtu aliyezika nusu ya watu wake, hilo si jambo dogo.

Basi Jumapili ile aliuacha wimbo wa kumi na nane upige.

Haukuwa na ala. Ilikuwa ni mvua juu ya bati. Sekunde arobaini za mvua, kisha ikaisha. Alicheka kidogo, akaenda dirishani kutazama kama ni mvua ya kweli. Nje kulikuwa kukavu.

Jumapili iliyofuata wimbo ulikuwa wa dakika mbili. Fundi anajua kwamba CD iliyokwisha kuchapwa haiongezeki, kama vile kitabu hakiongezi kurasa kikiwa kabatini. Alisafisha lenzi, akabadili deki, akaijaribu nyingine ya dukani. Dakika mbili. Mvua, halafu katikati ya mvua mtu akaparuza tope la gambuti kwenye jiwe la kizingiti. Mara tatu, kisha akapumua kwa nguvu.

Anyelwisye alichomoa waya wa deki kwa haraka. Jackson alikuwa mchuma chai, na kila alasiri kwa miaka kumi aliparuza gambuti zake hivyo, kwenye jiwe lile lililo mlangoni, mara tatu, kisha akapumua.

Alikaa muda mrefu akiwa ameshika waya wa umeme. Kisha akauchomeka tena.

Tangu hapo hakungoja Jumapili. Akawa anafunga duka saa saba mchana, anapanda bodaboda hadi Lufingo, anakaa. Wimbo ukafika dakika tano, ukafika kumi na moja. Viatu vikaingia ndani. Kiti cha mbao kikalia. Sebule ikaanza kunuka majivu yaliyomwagiwa maji, harufu nzito inayokaa kooni, nayo haikutoka hata alipofungua madirisha yote. Akaizoea. Akaanza kuandaa vikombe viwili vya chai, na cha pili kikawa kinapoa bila kuguswa, ila juu yake kinaweka utando mweusi.

Siku ya tisa sauti ikasema, "Nkamu."

Hivyo ndivyo Jackson alivyokuwa akimwita, ndugu yangu, kwa Kinyakyusa cha nyumbani.

"Nkamu, mbona umekaa peke yako?"

Anyelwisye alijua. Kaburi lilikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni, na udongo wa kwanza aliutupa yeye mwenyewe. Alijua, lakini mdomo una haraka kuliko akili pale moyo unapokuwa na njaa.

"Nitakaa na nani?" akajibu.

"Nikaribishe."

"Karibu, kaka," alisema, na machozi yakamtoka. "Karibu ndani."

Deki ilijizima. Kesho yake asubuhi alikuta nyayo za tope kutoka mlangoni hadi kwenye kiti cha mbao. Za kuingia zilikuwepo. Za kutoka hazikuwepo.

Jumamosi moja mchana Atupele alifika kutoka Igogwe na mkungu wa ndizi, baada ya kupiga simu wiki mbili bila kupokewa. Alipokaribia mlango akasikia mazungumzo. Mdogo wake alikuwa akicheka, kicheko ambacho Atupele hakuwa amekisikia tangu msiba. Akafurahi, akadhani amepata mchumba. Kisha yule mwingine naye akacheka, na mkungu ukamponyoka.

Aliusukuma mlango. Anyelwisye alikuwa kwenye mkeka, amekonda, mashavu yameingia ndani, amekielekea kiti kitupu. Kioo cha deki kilionyesha kumi na nane. Waya wake wa umeme ulikuwa umechomolewa, umeviringishwa juu ya kabati.

"Anye," Atupele alinong'ona. "Toka nje. Polepole. Njoo kwa dada."

"Dada, karibu, usiogope. Ni Jackson."

"Ni mimi, dada," ilisema sauti kutoka kwenye deki, au kutoka kwenye kiti. Ilikuwa ya Jackson kabisa, hata kile kikohozi kidogo cha mwanzo. "Mbona unasimama mlangoni kama mgeni?"

Atupele ndiye aliyemuuguza Jackson hospitalini hadi pumzi ya mwisho. Alishika fremu ya mlango, akauliza taratibu:

"Kama ni wewe, uliniambia nini usiku ule wa mwisho, nilipokuinua nikunyweshe maji?"

Mvua iliyokuwa ikinyesha ndani ya deki ikakatika kama bomba lililofungwa. Anyelwisye akageuka, akamtazama dada yake, kisha kiti, na akangoja, na kadiri alivyongoja ndivyo harufu ya majivu ilivyopanda, ikajaa puani na machoni, na kiti cha mbao kikaanza kulia polepole kama kinachobeba mtu anayeinama mbele, anayeinama zaidi, anayemsogelea usoni, mpaka akahisi nyusi zake zinapata joto kama za mtu aliyechungulia tanuri, na ndani ya joto lile kitu kikacheka, na kicheko hakikuwa cha Jackson tena bali chake mwenyewe Anyelwisye, kile kile alichokuwa amekicheka dakika moja iliyopita.

"Hilo hukuwa nalo kichwani," kilimwambia Anyelwisye kwa sauti yake mwenyewe. "Ningelitoa wapi?"

Atupele alimshika mkono akamburuta hadi nje, hadi kwenye migomba, wakaanguka kwenye majani.

"Alisema nini?" Anyelwisye aliuliza alipoweza kusema. "Dada, Jackson alisema nini?"

Atupele alilia kwanza. "Alisema, usimwache mdogo wetu akae peke yake. Na mimi nikaenda zangu Igogwe kwa watoto wangu, nikawa nakupigia simu."

Kwa kuwa CD ilitoka kwa Mansuri, walimwendea yeye. Mansuri hakucheka. Mama yake, Bi Shamsia, alikuwa mtu wa kuitwa kwenye nyumba za namna hiyo, mwanamke mfupi anayetembea kwa fimbo, na kesho yake alasiri alipanda mteremko wa Lufingo akiwa na chupa ya maji aliyoyasomea na ubani kidogo kwenye kitambaa.

"Shikamoo, mama," alisema Atupele. "Sisi ni Wakristo, sijui kama..."

"Marahaba. Wewe omba unavyojua, na mimi nitasoma ninavyojua. Anayesikia ni mmoja." Akamgeukia Anyelwisye. "Mwanangu, nani alimwambia karibu?"

"Mimi."

"Basi mimi nitamchosha tu. Atakayemtoa ni wewe. Na sikiliza vizuri: akikuomba kitu, kaa kimya. Hata akiomba njiti ya kiberiti."

Waliingia. Bi Shamsia alisoma kwa sauti ya chini, akinyunyiza maji pembe nne za sebule, na yalipogusa kiti yalifoka kama yaliyomwagwa kwenye kikaango. Nje ukungu ulikuwa umefika madirishani na mchana ukawa kama jioni. Atupele alipiga magoti kando ya mlango, akiomba. Kisomo kiliendelea mpaka sauti ya bibi ikaanza kukwaruza, na hapo deki ikawaka.

"Nimechoka," ilisema sauti. Sasa haikuwa ya mtu yeyote. "Nitakwenda. Kwetu hakuna watu, nkamu. Ni jangwa. Nilikuwa nakaa ndani ya ile CD miaka mingi, hakuna aliyesikiliza mpaka mwisho. Wewe ulisikiliza."

"Mwambie aende," alisema Bi Shamsia.

"Nenda," alisema Anyelwisye kwa shida, maana alilijua jangwa hilo. Lilikuwa sebule yake mwenyewe, kila siku ya miaka minane.

"Kwenu mgeni haagwi mikono mitupu," ilisema sauti. "Hata jirani akija kusalimia mnamfungia ndizi. Nipe kitu kidogo cha njiani."

"Kimya!" Bi Shamsia alipiga fimbo chini.

Lakini Anyelwisye alikuwa amekwisha kumwonea huruma. "Chukua unachotaka," alisema, "uende salama."

Mlango ulijifungua. Nyayo zikajichapa sakafuni moja baada ya nyingine, kutoka kitini hadi kizingitini, zikashuka kwenye tope la uani, zikaingia kwenye migomba, na hapo majani yakatikisika mara moja tu. Harufu ikakatika. Ukungu ukaanza kupanda kuelekea mlimani.

Bi Shamsia alikaa chini kwa kishindo. "Amekwenda. Harudi huyo. Lakini mwanangu, umempa nini?"

Anyelwisye alijipapasa mikono, kifua, uso. Alihesabu vidole. Alitamka majina ya wazazi wake, la kaka yake, la dada yake. Vyote vilikuwepo.

"Sijui," alisema. "Sioni kilichopungua."

Atupele hakumwacha tena. Alimchukua hadi Igogwe, akampa chumba cha nyuma, na watoto wake wakamzoea mjomba mara moja. Alianza kula. Usiku akalala.

Jumapili walikwenda kanisani wote. Atupele alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili, akavaa joho lake, akaenda mbele na wenzake. Anyelwisye alikaa benchi la tatu kati ya watoto wawili. Alimsikia mchungaji akiikaribisha kwaya. Alisikia viatu vyao vikipanda jukwaani, karatasi zikifunuliwa, mtu mmoja akikohoa.

Kisha wakafungua midomo.

Alidhani spika zimeharibika, na kwa mazoea ya ufundi akatazama nyaya. Lakini mbele yake mama mmoja alikuwa amefumba macho, anayumba taratibu, na mtoto wa kulia kwake alikuwa akipiga goti kwa kiganja. Midomo ya kwaya ilifunguka na kufungika. Mpiga kinanda alishusha vidole, akainua, akashusha. Anyelwisye alisikia goti la mtoto likipigwa. Alisikia kuku nje ya kanisa, na upepo kwenye mlango. Alijaribu kuukumbuka wimbo wowote, hata ule wa mama yao wa kubembelezea, akakuta mahali pake pamefagiliwa.

Wengine walipopiga makofi, naye akapiga.

Njiani wakati wa kurudi Atupele alimshika mkono. Uso wake ulikuwa unang'aa, kwani alikuwa na ubeti wa kuimba peke yake, na hakuwa amemwambia mapema.

"Sema kweli," alimwambia. "Nimeimbaje?"

"Vizuri, dada," alisema Anyelwisye. "Vizuri sana."