Mafuta ya Nazi Bwawani

Asubuhi ile bwawa la majitaka halikunuka, na hilo ndilo lililomtia Ezron wasiwasi.

Jana yake tu, yeye na vibarua wake walikuwa wamelifunika kwa turubai, wakaiongoza hewa chafu kwa bomba mpaka kwenye shimo lililojaa vipande vya mikaratusi vilivyoloweshwa maji. Humo vijidudu huula uvundo. Lakini vijidudu huhitaji majuma, si usiku mmoja.

"Baba Tulia!" jirani yake Bupe alimwita kutoka migombani. "Leo tumekula ndizi milango wazi! Hata mume wangu kajua mimi napika vizuri!"

Ezron alicheka, akaingia ndani. Sebuleni palinukia mafuta ya nazi. Mafuta ya Sekela, mkewe, aliyezikwa nyuma ya nyumba miaka miwili iliyopita.

"Mama amerudi," Tulia alisema, macho kwenye daftari lake la darasa la pili. "Anasema kwake kumefungwa."

Ezron alipaswa kuogopa. Badala yake alifunga madirisha, harufu isitoke.

Siku ya tatu, mchana, ukungu ulishuka mpaka mlangoni, na harufu ya nazi ikawa nzito ndani, na mlango ulikuwa wazi na Tulia hayumo, Ezron akakimbia akifuata nyayo za mtoto kwenye tope mpaka bwawani, ambako turubai lilikuwa likipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala, na chini yake sauti ya mwanamke ikiimba taratibu, na mtoto wake alikuwa amekwisha kuingiza kichwa na mabega.

Alimdaka mguu. Kitu kilimvuta mtoto upande wa pili.

"Mfungulie!" Bupe alifika akihema. "Niliwahi kuolewa Tanga miaka kumi, nayajua haya. Jini hukaa kwenye uchafu. Umemfungia mlango wa kwake, sasa anataka mtu wa kukaa naye humo!"

"Nikifungua, Bupe, harufu ya Sekela…"

"Sekela yuko kaburini, baba! Kata!"

Ezron alikata kamba za turubai. Uvundo ulilipuka. Tulia alichomoka, akatapika, akalia kwa sauti yake mwenyewe.

Jioni majirani walitukana tangu juu ya kilima mpaka barabarani. Ezron alitoa sandukuni khanga ya Sekela, ambayo hakuwahi kuifua. Aliinusa. Haikuwa na harufu yoyote.

Akafungua dirisha. Kutoka bwawani, katikati ya uvundo ule, yalikuja mafuta ya nazi.

Hakulifunga.