Diski Isiyo na Picha

Foleni ya vifurushi katika posta kuu ilikuwa imefika mlangoni, na Namalwa alikuwa amesimama humo tangu saa nne. Alivaa sketi ya rangi ya damu ya mzee, blauzi nyeupe na viatu vya kisigino ambavyo alikuwa ameshaanza kuvijutia. Alipopewa bahasha yake aliichana papo hapo dirishani, na diski mbili zikaanguka sakafuni.

Mwanamume aliyekuwa nyuma yake aliziokota. Shati lake la samawati lilikuwa limepigwa pasi vizuri, ila mfuko ulikuwa na doa la wino.

"Linux," alisoma. "Sista, hizi programu za kompyuta umenunua wapi?"

"Sijanunua. Niliitisha kwa internet, wakatuma bure."

"Bure mpaka Nairobi? Hata stamp?"

"Hata stamp. Naomba diski zangu."

"Pole. Naitwa Muli. Mimi hutengeneza kompyuta, niko barabara ya Luthuli pale juu. Ukikwama ni-flash tu, nitakupigia."

"Nani amekuambia nitakwama?"

"Kila mtu hukwama, madam."

Namalwa aliandika namba ya Muli kwa adabu tu. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

Alikuwa karani wa mapokezi katika shule ndogo ya kanisa huko Muthangari. Mwanzoni mwa mwaka huo wa 2006, ofisi moja iliyokuwa ikihamia Kilimani iliipa shule kompyuta kumi na mbili kuukuu, zote zikiwa zimefutwa kila kitu. Mwalimu mkuu, Mrs. Wangeci, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwambia Namalwa aiwashe moja na kuiwekea programu mwenyewe kabla shule hazijafungwa. Akiweza, chumba cha kompyuta kingekuwa chake na angewafundisha watoto. Akishindwa, kampuni ingeitwa, naye angeendelea kupokea simu. Namalwa alikuwa amepokea simu kwa miaka sita. Alikitaka chumba kile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka.

Alikwama siku ya kwanza. Diski ya kwanza ilikuwa na picha nzuri. Ilizunguka, skrini ikageuka rangi ya kahawia, mshale ukasogea mara mbili, halafu kila kitu kikaganda. Alizima, akawasha, kikaganda tena. Diski ya pili ilileta maandishi matupu na maswali juu ya maswali. Hiyo aliitoa mbio, akiamini ni ya mafundi, akairudisha kwenye bahasha.

Akamflash Muli, akakata kabla hajapokea.

"Ina memori ngapi?" Muli aliuliza alipopiga.

"Nitajuaje?"

"Ikiwaka tu, kuna namba huja juu. Soma haraka."

"Mia moja ishirini na nane."

"Woi! Hiyo ni ajuza. Sikiza, hii si mambo ya simu. Tukutane town jioni."

Walikutana jioni hiyo, na Jumamosi iliyofuata, na Jumamosi zote zilizokuja baadaye. Walikula chipsi, walizunguka mjini wakitazama madirisha ya maduka, wakabishana. Kufikia mwisho wa Machi walikuwa wakiitana mpenzi kwenye simu bila kuona haya, na kompyuta, ambayo Namalwa alishikilia kuiweza mwenyewe, bado ilikuwa inaganda.

Zikabaki siku mbili shule zifungwe. Alhamisi asubuhi Namalwa alitumwa Parklands kupeleka barua. Muli akafika shuleni, na mlinzi, Zedekiah, aliyemjua kama mgeni wa Namalwa, akamfungulia. Muli aliongeza kipande cha memori alichokuja nacho, akatumia ile diski ya picha, na kufikia saa saba kazi ilikuwa imekwisha. Kule Luthuli mteja huacha mashine, huambiwa arudi jioni, na akirudi huikuta inafanya kazi. Muli hakuwahi kusikia mteja akilalamikia hilo.

"Surprise, mpenzi!" alisema Namalwa alipoingia. "Iko fiti."

Namalwa hakuketi. "Nani amefanya?"

"Si mimi? Umeteseka miezi miwili."

"Madam ameiona?"

"Amepita hapo. Amedhani ni kazi yako, amesema nikuambie hongera."

"Hongera ya nini, Muli? Kesho nisimame mbele ya huyo mama niseme nini?"

"Sema umeweza. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na ya pili ikiganda nitakuita, na ya tatu, mpaka ya kumi na mbili."

"Na mimi nitakuja. Shida iko wapi?"

"Toa hiyo memori."

"Namalwa..."

"Toa."

Aliitoa. "Nilidhani nimekusaidia," alisema, akaondoka bila kuaga. Usiku huo simu haikulia. Namalwa alikuwa amemkasirikia na alikuwa anampenda, yote kwa pamoja, na hakulala vizuri.

Ijumaa asubuhi alienda moja kwa moja kwa Mrs. Wangeci. "Madam, ile ya jana si kazi yangu. Ni ya rafiki yangu. Naomba nianze upya."

Mrs. Wangeci alivua miwani. "Una mpaka saa sita."

Bila ile memori diski ya picha haikuwa na maana. Alibaki na ile ya maandishi. Aliiweka, akasoma swali la kwanza polepole, akajibu. Akasoma la pili. Ile ajuza haikuganda. Kumbe ni picha zilizokuwa zikiilemea. Kila jibu aliliandika kwenye daftari. Kisha simu ikalia.

"Namalwa, samahani kwa jana."

"Usinisaidie, Muli."

"Sisaidii. Nimepiga tu."

"Basi kaa kwa laini, na unyamaze."

Namalwa alisikia honi za Luthuli na mtu akiuza miavuli. Alijibu maswali mengine matatu, halafu akasita.

"Inauliza kama nifute kila kitu kilicho ndani," alisema. "Kilicho ndani ni kazi yako."

Muli akamwuliza, "Wewe unaona aje?"

"Naona nifute."

"Basi futa, mpenzi."

Alibonyeza. Muli aliendelea kukaa kwenye laini, kimya, mpaka salio lake likaisha.

Saa sita kasoro kumi, Mrs. Wangeci aliketi mbele ya mashine, akaandika jina lake kwa kidole kimoja. "Ni ya polepole," alisema.

"Ni mzee, Madam."

"Hata mimi." Akaweka ufunguo wa chumba mezani, akatoka.

Muli alifika saa tisa. Alisimama kando ya mlango, hakugusa kitu.

"Leo nilikuwa na kitu cha kukuuliza," alisema. "Nilitaka nikuulize nikiwa nimekufanyia jambo la maana. Sasa umejifanyia mwenyewe."

"Kwa hivyo huulizi?"

"Nitauliza na nini?"

"Na mdomo, Muli."

Akamwuliza kama atakubali amwoe, pale pale, mbele ya kompyuta kumi na moja ambazo hazijawashwa. Namalwa alikubali kabla hajamaliza. Kisha akamvutia kiti mbele ya kompyuta ya pili, akampa diski ya maandishi, akaketi kando yake na kumwacha akosee bila kumsaidia.