Pingamizi la Bibi Harusi

"Vene, funga nguo zako. Tunahama nchi!"

Veneranda alikuwa ameinama kwenye kitalu chake cha miche ya nyanya pale Kalenga, Iringa, simu kaibana kati ya sikio na bega. Aliposikia hivyo alinyooka mpaka mgongo ukalia.

"Tunahama? Sisi nani?"

"Mimi na wewe. Kesho kutwa nipo Tunduma, Jumatatu navuka. Binamu yangu Isaka yuko Ndola, Zambia, ameshanipatia chumba na mahali pa kufanyia kazi. Ndoa tutafungia hukohuko."

"Ande, Jumapili hii mchungaji anasoma tangazo letu la tatu! Harusi imebaki wiki mbili!"

"Matokeo umeyasikia au hujayasikia?"

"Nimeyasikia."

"Basi. Nchi hii imenishinda."

Simu ikakatwa.

Ilikuwa Jumatano. Matokeo ya uchaguzi yalikuwa yametangazwa tangu asubuhi, na upande wa Andendekisye ulikuwa umeanguka vibaya. Kijana huyo wa Kinyakyusa alikuwa fundi wa kusuka upya mota za mashine zilizoungua pale Mwanjelwa, Mbeya. Miezi miwili mizima alikuwa amefunga kibanda chake, akipanda na kushuka vilima kwa pikipiki kumnadi mgombea wake, sauti ikamkauka. Veneranda mwenyewe alipiga kura upande huohuo. Naye namba ziliposomwa alikaa chini, chai ikampoa mkononi. Lakini kuhama? Hilo halikumpitia kichwani hata mara moja.

Kesho yake alfajiri alikuwa Ipogolo barabarani, amesimamisha basi la Mbeya. Mafinga ikapita, Makambako ikapita, yeye anapanga maneno. Saa saba mchana akaingia Mwanjelwa na maneno yote aliyoyapanga yakamruka, maana alimkuta Andendekisye anang'oa rafu ukutani huku fundi mwenzake, Mika, akibeba nyaya za shaba.

"Shemeji, karibu," Mika alisema, akamwangalia usoni, kisha akaona ni heri akanunue soda.

"Vene! Umekuja na begi?"

"Nimekuja na swali. Kuna mtu anakutafuta?"

"Nani anitafute?"

"Nakuuliza wewe. Kuna watu wanakimbia kwa sababu maisha yao yako hatarini. Hao siwalaumu, mguu wangu ndio ungetangulia. Wewe umetishiwa?"

Andendekisye alikaa juu ya mota kubwa iliyofumuliwa.

"Hapana. Hakuna aliyenigusa. Lakini jana walipita hapa na matarumbeta, wakasimama mlangoni kwangu, wakacheza. Watu ninaowatengenezea mashine, Vene! Nikajiona mgeni nyumbani kwetu. Nakaa nafanya nini mahali ambapo ninachokitaka hakihesabiki?"

Veneranda alimhurumia, akamsogelea, akamshika bega.

"Na mimi nimeumia, Ande. Kura yangu ilikuwa ileile."

"Basi twende!"

"Mama yangu je? Shamba? Miche je, watu wa bondeni wanaonitegemea kila msimu?"

"Nyanya hata Zambia zinaota."

Mkono wa Veneranda ukatoka begani.

"Hebu rudia."

"Nilikuwa natania..."

"Hutanii. Umetafuta chumba, umepanga siku ya kuvuka, umehamisha harusi yangu nchi nyingine. Lini uliniuliza? Unalia kwamba sauti yako haikusikika. Yangu umeisikia lini? Katika nyumba yenye wapiga kura wawili, wewe umetangaza matokeo mimi sijapiga!"

"Vene, punguza sauti, watu wanasikia."

"Wasikie! Wao angalau waliitwa kituoni kupiga kura!"

"Kwa hiyo unanilazimisha nichague? Wewe au safari?"

"Mimi sichagui chochote. Mimi ndiye sikuulizwa."

Akaondoka. Alipanda basi la kurudi akiwa na njaa, macho mekundu, na hakugeuka hata pale alipoitwa kwa jina lake lote.

Ijumaa jioni simu ikatetema: "Nimefika Tunduma. Bado nakupenda. Njoo."

Akajibu: "Safari njema."

Jumamosi alipiga yeye, mara tatu. Haikupatikana. Mama yake, Severina, alikuwa ameketi jikoni anachambua maharage, na vidole vilikuwa vinaokota hewa.

"Mwanangu, nimwambie mchungaji asisome?"

"Asome, mama."

"Asome jina la mtu anayevuka mpaka kesho kutwa? Tutauweka wapi uso?"

"Asome tu. Mimi ninalo la kusema."

Jumapili kanisa lilijaa. Baada ya kwaya ya akina mama, Mchungaji Sifaeli alifungua daftari la matangazo.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho, tunatangaza nia ya ndoa kati ya Andendekisye wa Mbeya na Veneranda wa hapa Kalenga. Mwenye pingamizi la halali alilete sasa."

Watu walikuwa wanakohoa kohoa, wanafungua vitabu vya nyimbo. Halafu wakaacha. Mtu alikuwa amesimama benchi la tatu.

"Ninalo mimi, mchungaji."

"Veneranda? Lakini... wewe ndiye bibi harusi."

"Ndiyo. Bwana harusi amehama nchi."

Kanisa lilivuma! Severina alimvuta sketi, "Kaa chini, utaniua!" Mzee mmoja wa kanisa akavua miwani, akaivaa tena. Veneranda hakukaa. Alishika benchi la mbele, akaendelea.

"Hajanikosea kwa kukasirika. Hata mimi nimekasirika. Ila siwezi kuolewa na mtu anayeamua maisha yangu peke yake, kisha ananipigia simu kunitangazia."

"Hajahama!"

Sauti ilitoka mlangoni. Vichwa mia tatu viligeuka. Andendekisye alikuwa amesimama pale na begi lake, shati limekunjamana, nywele zina vumbi la safari ya usiku mzima.

"Kamwene," alimsalimu mama mkwe kwanza, kwa Kihehe chake kibovu, na watu wakacheka bila kutaka. "Mchungaji, naomba dakika mbili."

"Chukua tatu," mchungaji alisema.

"Vene, nilikuwa najaza fomu ya ukaazi pale Tunduma. Ikauliza: umeoa au hujaoa? Kalamu ikagoma. Nikampigia Isaka anisaidie, akaniambia, 'Njoo tu, ila uwahi. Majirani zangu huku wameapa wakishindwa uchaguzi ujao watahamia kwenu Tanzania.'"

Kanisa lililipuka kwa kicheko. Hata Severina.

"Nilicheka mpaka nikalia. Simu ikaisha chaji, nikaona nisiseme kwa simu, nije kwa miguu yangu." Alitembea mpaka benchi la tatu. "Uchungu wangu haujaisha, sikudanganyi. Nikiona matarumbeta bado moyo unachemka. Lakini wewe nilikufanyia kilekile kilichoniuma. Nisamehe. Leo nakuuliza, mbele ya hawa wote. Tuondoke au tukae? Ukisema twende, twende. Ukisema tubaki, nabaki na mdomo wangu, nasema yanayoniudhi nikiwa hapahapa."

Machozi yalimjaa Veneranda, na cheko likayafuata nyuma.

"Tubaki."

"Tumebaki."

"Na siku tukishindwana?"

"Tutabishana mpaka tuelewane. Mlango siugusi kabla hujaniambia."

Mchungaji Sifaeli alikohoa.

"Dada Veneranda, daftari linanisubiri. Pingamizi lipo au halipo?"

"Naliondoa, mchungaji!"

Vigelegele vilipanda mpaka darini. Kwaya ikaanza wimbo ambao haukuwa kwenye ratiba, na Severina akamkumbatia mkwe wake na begi lake pamoja.

Harusi ilifungwa Jumamosi ya pili yake, Kalenga. Wanyakyusa walishuka kutoka Mbeya basi zima, wakakutana na Wahehe, ngoma zikashindana mpaka hakuna aliyejua nani anaongoza. Katikati ya shamrashamra Veneranda alimvuta mumewe sikio.

"Ande, nataka kukuuliza kabla sijaamua."

"Uliza, mke wangu."

"Uchaguzi ujao nichukue fomu ya udiwani?"

Andendekisye alicheka. Akamtazama vizuri, akaona mwenzake hacheki. Akaacha.

"Wa hapa au wa Mbeya?"

"Kwanza tucheze," alisema Veneranda, akimkokota kuelekea kwenye ngoma. "Wageni wanatusubiri."