Memori ya 1066 Niliyoificha Mfukoni

"Vua kitambulisho. Nenda."

Madam Aikande alimwambia Anatoli hivyo mbele ya ofisi nzima. Anatoli akakivua shingoni, akakiweka mezani taratibu. Akatoka.

Mimi nilikuwa nimesimama palepale, bisibisi mkononi. Kosa lilikuwa langu... na nilinyamaza.

Jamani, nisomeni mpaka mwisho ndiyo mnitukane.

Ilikuwa 2015, Kigoma. Warundi wanaingia kwa maelfu, familia zimepotezana njiani. Mimi Selestini, mtoto wa kijijini Simbo, fundi kompyuta, kichwa kimevimba kwa sifa.

Shirika moja mjini, bosi wake Madam Aikande, lilikuwa linaandikisha waliopotezana. Fomu zinajazwa uwanjani walikofikia, zinaletwa ofisini, Anatoli anazichapa. Naye alikuwa mkimbizi. Yeye na mkewe Regina walipotezana kwenye kupanda boti, na ile kazi ndiyo ilikuwa njia yake ya kuona kila jina linaloingia. Kila fomu alikuwa anatazama jina kwanza, anashusha pumzi, ndiyo anachapa.

Mashine ikawa nzito. Madam akaniita niiongezee memori, yaani RAM.

Nikachomoa moja kwenye kompyuta mbovu ya nyumbani. Niliangalia ukubwa tu: GB nne, tundu linaikubali, basi, nikachomeka. Spidi sikuangalia. Iliyokuwemo ilikuwa 1600, yangu 1066. Fundi anayejitambua anasoma stika ya memori kwanza, na anahakikisha bodi ya mashine inakubali spidi gani. Mashine nyingine ingejishusha tu ikafuata ile ya chini. Hii ikagoma.

Kesho yake asubuhi ikastaki, ikazima yenyewe, majina yote yaliyochapwa yakapotea. Madam akaja juu, akataka kujua nani kaichezea. Watu wakanigeukia mimi, si ndiye fundi...

"Huyu anachomekaga flashi zake," nikasema, namwonyesha Anatoli.

Uongo mtupu! Hata flashi hakuwa nayo.

Anatoli alipoondoka nikafungua mashine. Nikaiona stika: 1066. Nikaichomoa ile memori kimya kimya, nikaitia mfukoni. Mashine ikawaka freshi. Nikasifiwa! Mchana nikaambiwa nichape upya zile fomu.

Fomu ya thelathini na moja.

Regina. Watoto wawili. Anamtafuta mumewe, Anatoli. Pembeni mtu kaandika kwa kalamu: anaondoka leo na basi la saa sita, kwenda kambini. Mimi naisoma saa nane.

Mashine ilistaki asubuhi, Anatoli akiwa kwenye ya thelathini. Uwanja hauko mbali, angeukimbilia kwa miguu, akamkuta.

Nilikaa na ile fomu siku mbili. Ningempaje bila kueleza? Siku ya tatu nikamfuata Anatoli kule mtaa wa Katonga, alikokuwa amejishikiza kwa ndugu, anaanika dagaa. Nikampa fomu, nikamwambia yote.

Aliisoma mara mbili.

"Ile stika niliiona siku unaichomeka," akasema. "Bujumbura nilikuwa nafundisha kompyuta."

"Sasa mbona hukusema?"

"Mkimbizi amkosoe fundi wa ofisi? Wangenitoa siku hiyohiyo. Nilitaka niendelee kusoma majina."

Akaikunja fomu, akaniambia urakoze. Yaani ananishukuru mimi... Heri angenizaba kibao.

Anatoli alimpata Regina kambini baada ya wiki, na watoto wako salama. Mwenzenu nikajiambia yameisha.

Hayajaisha. Kila aliposikia kuna kazi ya kompyuta akaenda kuomba, wanampigia simu Madam, wanaambiwa huyo ni mharibifu. Mwalimu mzima wa kompyuta, akaishia kuanika dagaa za watu. Na mimi nikaendelea kuitwa fundi bingwa wa Kigoma, kwa sababu niliungama kwake peke yake, mahali pasipo na mtu.

Mafundi wenzangu, someni stika kabla hamjachomeka. Na mkikosea, semeni papo hapo, wakati bado kuna basi halijaondoka.

Madam Aikande, najua umo humu kwenye hili kundi, huwa unalaiki tu hukomenti. Hakuwa Anatoli. Nilikuwa mimi.

Memori bado ninayo. Nimeipiga picha, nimeiweka hapo chini. Stika inasomeka vizuri tu.