Tangi Chafu Kwenye Njia ya Uzi

Gari lilikohoa mara mbili, likazima katikati ya njia ya mawe itokayo kisiwani Uzi kwenda Unguja Ukuu. Mikoko kulia, mikoko kushoto, na maji ya bahari, yale makubwa ya bamvua, yalikwishaanza kujaa.

Thuwaiba alizungusha ufunguo. Mashine ililia tu, haikushika. Kwenye kiti cha nyuma alilala mkwewe, Mzee Ubwa, muundi wa mguu wake umefungwa kanga iliyorowa damu. Asubuhi ile panga lilimponyoka akikata kuni, na kisiwani Uzi hakupatikana wa kumshona. Gari hilo la zamani lilikuwa la marehemu mume wa Thuwaiba. Lilikaa uani miezi minane bila ya kuguswa. Leo aliliongeza petroli lita tano, akaondoka mbio ili avuke kabla maji hayajafunga njia.

"Petroli imekwisha?" aliuliza mzee.

"Ipo, baba. Tangi ndilo chafu."

Alishuka, maji yakamfika vifundoni. Akafungua boneti, akachomoa chujio la petroli na kuligonga kiganjani. Likatoka tope jekundu la kutu. Alikuwa akimwona mumewe akifanya hivyo, yeye amesimama pembeni na kikombe cha chai. Akalitia mdomoni, akapuliza kinyume. Petroli ikamwunguza ulimi. Akatema, akapuliza tena.

Gari likawaka, likaenda hatua hamsini, likazima.

Akalisafisha mara ya pili. Safari hii halikufika hata hatua ishirini. Maji yalikuwa magotini, mawe ya njia hayaonekani tena.

"Niache hapa," alisema Mzee Ubwa. "Nenda Unguja Ukuu ukaite watu."

"Nikirudi na hao watu ntakukuta unaelea. Kaza kanga, baba, usiilegeze."

Hakusema hivyo kwa ushujaa. Alichoka mno, hata kubishana hakuweza.

Kwenye buti mlikuwa na mpira wa kunyonyea petroli na kidumu kitupu. Thuwaiba alivua mtandio wake, akaukunja mara mbili juu ya mdomo wa kidumu, akanyonya petroli kutoka kwenye tangi na kuipitisha humo. Kitambaa kikawa chekundu. Akageuza upande safi, akaendelea, huku akitema kila funda lililomwingia mdomoni. Kisha akamburura mzee hadi kiti cha mbele, akapitisha mpira dirishani, ncha moja kidumuni, ya pili akainyonya mpaka petroli ikaja, akaichomeka kwenye kabureta.

"Mkono unaweza kuunyanyua, baba?"

"Kilichokatika mguu. Lete."

Mzee alikitoa kidumu nje ya dirisha, akakiinua juu ya paa. Petroli ikateremka yenyewe. Gari likawaka.

Thuwaiba aliendesha gia ya kwanza, mguu hauachii mafuta. Maji yaliingia kwa chini ya milango, yakafunika vikanyagio. Njia haikuonekana, alifuata uwazi baina ya mikoko. Mkono wa mzee ulianza kushuka.

"Usishushe, baba!"

"Sishushi. Wewe endesha tu."

Ekzosi ilibwabwaja majini. Mara moja gurudumu liliteleza pembeni ya mawe, gari likainama, petroli ikammwagikia mzee usoni. Hakukishusha kidumu. Thuwaiba alivuta usukani kwa mikono miwili mpaka mabega yakamlia, gari likarudi njiani. Halafu matairi ya mbele yakagusa mchanga, likapanda nchi kavu likivuja maji kila upande.

Watu wa Unguja Ukuu walikimbilia. Simai, mwenye gari la kubebea mizigo, alilazimika kukunjua vidole vya mzee kimoja kimoja ili akitoe kidumu. Akawapakia wote wawili, akawapeleka hospitali ya mjini.

Mzee Ubwa alishonwa nyuzi kumi na nne. Daktari alisema angechelewa saa nyengine moja, damu isingetosha.

Thuwaiba alikaa barazani, kichwa wazi, mikono imejaa kutu. Muuguzi alimtazama, akaingia ndani, akatoka na kanga, akamfunika bila ya kumwuliza kitu. Kisha akamletea fomu za mgonjwa na kalamu. Thuwaiba, mwalimu wa skuli, aliitazama kalamu ile asijue aishike vipi.

"Nikuandikie mie, Bi Thuwaiba?" aliuliza Simai.

Siku zote angesema ataandika mwenyewe.

"Niandikie," alisema, akaegemea ukuta na kufumba macho.